Namba inayojisoma mara mbili: mwongozo kamili wa kutengeneza namba za Trott

Chukua namba hii:

0.10841015122311136151129081140641509091…

Ukiiandika kwa njia nyingine kabisa, yaani kama sehemu iliyobeba sehemu ndani yake, ambayo nayo imebeba nyingine, namba nzima utakazozikuta ukishuka ngazi kwa ngazi ni 1, 0, 8, 4, 1, 0, 1, 5, 1, 2, 2, 3, 1, 1, 1, 3, 6… Ni tarakimu zilezile, kwa mpangilio uleule. Namba hii inaitwa namba ya Trott, kwa jina la Michael Trott wa kampuni ya Wolfram Research inayotengeneza programu ya Mathematica.

Watu wengi huishia kuistaajabia. Hapa tutazitengeneza wenyewe, kwa mkono kwanza na kwa kompyuta baadaye. Utaona kwamba ugumu wote umejaa katika tarakimu nne tano za mwanzo. Ukivuka hapo, namba inajiandika yenyewe. Kinachohitajika ni kujua kugawanya, subira, na kikokotoo cha simu.

Kwanza: kupata vipande vya namba

Sehemu fululizo ni maandishi ya namna hii:

x = 1/(a + 1/(b + 1/(c + …)))

Tutafupisha kwa kuandika [0, a, b, c, …]. Kila a, b, c nitakiita kipande. Kuvipata ni rahisi: pindua namba (gawa 1 kwa namba hiyo), chukua namba nzima iliyojitokeza, iondoe, kisha pindua mabaki. Rudia.

Mfano wa haraka ni pai. Ondoa 3, zinabaki 0.14159265. Pindua: 7.0625. Kipande ni 7, mabaki 0.0625133. Pindua: 15.9966. Kipande ni 15. Mabaki 0.9966 yakipinduliwa yanatoa 1.0034, kipande ni 1, na mabaki hayo madogo yakipinduliwa yanatoa 292 na ushei. Kwa hiyo pai ni [3, 7, 15, 1, 292, …]. Tarakimu zake ni 1, 4, 1, 5, 9, kwa hiyo hakuna kinachofanana, na ndivyo ilivyo kwa karibu namba zote.

Kazi ya kinyume, kutoka vipande kurudi kwenye sehemu ya kawaida, ina kanuni moja ambayo tutaitumia mpaka mwisho. Anza na 1/0 kisha 0/1. Halafu kwa kila kipande:

kiasi kipya = kipande × kiasi cha sasa + kiasi kilichotangulia
asili mpya = kipande × asili ya sasa + asili iliyotangulia

Vipande 3 na 29, kwa mfano, vinatoa 1/3 kisha 29/88. Ijaribu kwenye karatasi kabla hujaendelea, maana usipoizoea kanuni hii hatua zinazofuata zitakuchosha.

Pili: amua unacheza kwa sheria ipi

Watu huzungumzia namba hizi kwa sheria mbili tofauti na mara nyingi hawasemi ni ipi. Hapo ndipo ubishi mwingi unapoanzia.

Sheria ya kwanza inataka kila kipande kiwe tarakimu moja, na 0 inaruhusiwa kuwa kipande. Ndiyo iliyotoa namba ya hapo juu. Sifuri katikati ya vipande si kosa, ila ina tabia yake: a, 0, b vikifuatana ni sawasawa na kipande kimoja a + b. Kwa hiyo 1, 0, 8 za mwanzo kwa kweli ni 9, na 1, 0, 1 zinazofuata baada ya 4 ni 2. Namba yote ni [0, 9, 4, 2, 5, 1, 2, 2, 3, …] iliyovaa vazi jingine. Hakiki mwenyewe:

1/9 = 0.1111
4/37 = 0.108108
9/83 = 0.108434
49/452 = 0.108407
58/535 = 0.108411
165/1522 = 0.10840999
388/3579 = 0.10841017
1329/12259 = 0.1084101476

Inasogea juu na chini huku ikizidi kubana kwenye 0.10841015…

Sheria ya pili inakataza sifuri kuwa kipande, kama kanuni za kawaida za sehemu fululizo zinavyotaka, lakini inaruhusu kipande kuwa na tarakimu nyingi. Kipande 29 kinaandikwa "29" kwenye desimali, kipande 710 kinaandikwa "710". Mimi naipenda hii zaidi. Kwa sheria ya kwanza sifuri zinakupa mlango wa nyuma: 9, 0, 9, 0, 7 ni njia ya kuficha 25. Sheria ya pili haina maficho.

Je, hatuwezi kuchanganya masharti yote mawili, tarakimu moja moja na bila sifuri? Haiwezekani, na uthibitisho wake ni mfupi kiasi kwamba kuuruka ni hasara.

Kipande cha kwanza kikiwa k, namba iko kati ya 1/(k+1) na 1/k. Tarakimu ya kwanza ikiwa k, namba iko kati ya k/10 na (k+1)/10. Pima: k = 1 inataka namba kubwa kuliko 0.5 iliyo ndogo kuliko 0.2. Haipo. k = 2 inataka iliyozidi 0.333 isiyofika 0.3. Haipo. k = 4 inataka isiyozidi 0.25 iliyofika 0.4. Haipo, na kuanzia hapo pengo linazidi kupanuka. Inabaki k = 3 peke yake, kati ya 0.3 na 0.3333.

Sasa kipande cha pili. Kwa namba x inayoanza na kipande 3, mabaki yakipinduliwa ni x/(1 − 3x). Tarakimu ya pili ikiwa 1, x iko kati ya 0.31 na 0.32, na hesabu hiyo inatoa kati ya 4.4 na 8, si 1. Ikiwa 2, inatoa kati ya 8 na 33, si 2. Ikiwa 3, inatoa 33 au zaidi. Na 0 tumeikataza. Mlango umefungwa. Anayetaka tarakimu moja moja lazima akubali sifuri, na asiyetaka sifuri lazima akubali vipande virefu.

Tatu: kutafuta mwanzo

Tunaendelea na sheria ya pili. Kipande cha kwanza bado ni 3, kwa sababu kipande cha kwanza chenye tarakimu mbili au zaidi hakifai. Kikiwa 10 au zaidi, namba haizidi 0.1, ilhali desimali inayoanza na kipande hicho haipungui 0.1. Inayokutana pande zote ni moja tu, 1/10 yenyewe, ambayo ni 0.10 na pia ni [0, 10]. Inachekesha, lakini inakomea hapohapo.

Kipande cha pili kiwe na tarakimu mbili. Tumeona kwamba x ikianza na 0.32, mabaki yaliyopinduliwa yako kati ya 8 na 33, kwa hiyo kipande kama 2_ kinawezekana. Jaribu 28: x inakuwa kati ya 28/85 na 29/88, yaani kati ya 0.32941 na 0.32955, lakini tunataka 0.328. Imekataa. Jaribu 29: kati ya 29/88 = 0.329545 na 30/91 = 0.329670. Tunataka 0.329. Imekubali!

Kumbuka namna nilivyopata ncha mbili za mwanya huo. Ukiwa na sehemu ya sasa p/q na iliyotangulia p'/q', namba zote zinazoanza na vipande hivyo ziko kati ya p/q na (p + p')/(q + q'). Hiyo ndiyo zana yetu kuu.

Si 29 peke yake iliyokubali. 329 nayo inakubali: 329/988 = 0.332996, na tulitaka 0.3329. 3329 pia: 3329/9988 = 0.33329996. Hata 33329. Milango ya hatua ya pili haina idadi, na hilo linakuonjesha kwa nini namba hizi ni nyingi mno. Pieter Allaart, Stephen Jackson na wenzao, katika kazi ya mwaka 2021, walibainisha ni mifumo ipi ya kuhesabu (wetu wa kawaida ni wa tarakimu kumi, 0 hadi 9) yenye namba za Trott kwa sheria hii ya pili. Kutokana na walichothibitisha, palipo na namba hizo huwezi kuzipanga kwenye orodha hata orodha yenyewe isipokuwa na mwisho.

Nne: kusoma mkanda

Hapa ndipo pa kukaa. Tuko kwenye [0, 3, 29, …], na x iko kati ya 0.329545 na 0.329670. Tarakimu inayofuata baada ya 329 ni 5 au 6. Kipande kinachofuata kianze na mojawapo.

Jaribu 54. Kwa kanuni yetu: 54 × 29 + 1 = 1567, na 54 × 88 + 3 = 4755. Ncha ni 1567/4755 = 0.32954784 na 1596/4843 = 0.32954780. Tunataka 0.32954. Imekubali. Lakini angalia kilichotokea: tumesoma tarakimu tano tu (3, 29, 54), huku ncha zote mbili zikikubaliana hadi 0.3295478. Tarakimu mbili zaidi, 7 na 8, zimeshaamuliwa kabla hatujazifikia.

Ni kama mkanda wa risiti unaotoka kwenye mashine haraka kuliko unavyosomwa. Kazi yako sasa si kubahatisha kipande. Kipande kimeshachapwa kwenye mkanda, wewe unaamua tu ukate wapi: 7, au 78?

Nikate 7. Kiasi: 7 × 1567 + 29 = 10998. Asili: 7 × 4755 + 88 = 33373. Ncha ni 0.32954783807 na 0.32954783886. Mkanda sasa unasoma 329547838. Tumeshasoma sita, mbele kuna 8, 3, 8.

Kata 8: sehemu ni 89551/271739, ncha 0.329547838183 na 0.329547838171. Mbele kuna 3, 8, 1.

Kata 3: 279651/848590 = 0.3295478381786, na ncha ya pili 369202/1120329 = 0.3295478381797. Mbele kuna 8, 1, 7.

Kwa hiyo tuna [0, 3, 29, 54, 7, 8, 3, …] na 0.3 29 54 7 8 3 8 1 7…, na hatukulazimika kubahatisha tena baada ya 54.

Kwa nini mkanda unatangulia? Kipande a hurefusha mkanda kwa takribani 2 × log₁₀ a (log₁₀ a ni kipeo ambacho 10 ikipewa inatoa a). Kipande 54 kinaongeza tarakimu kama tatu na nusu lakini kinakula mbili. Kipande 8 kinaongeza karibu mbili na kula moja. Wabaya ni 1: kila kimoja kinakula tarakimu nzima na kuongeza pungufu ya 0.6. Ukikata mfululizo wa 1 nyingi, mkanda utakuishia. Kwa namba za kawaida mambo yanakaribia kulingana: Gustav Lochs alionyesha mwaka 1964 kwamba, kwa karibu namba zote, kila tarakimu moja ya desimali hutoa kwa wastani vipande 0.9703. Wewe huna haja ya kuwa wa wastani. Unakata unavyotaka, na ukiona mkanda unapungua, kata kipande kirefu.

Tano: sifuri, adui pekee

Kwa sheria ya pili, kipande hakiwezi kuanza na 0. Hilo ndilo litakalokukwamisha, na karibu kila mara litakukwamisha mapema.

Rudi kwenye [0, 3, 29]. Badala ya 54 chukua 5 peke yake. Sehemu ni 146/443, na x iko kati ya 0.3295669 na 0.3295711. Tunataka 0.3295, sawa. Lakini mkanda umeishia hapohapo. Tarakimu inayofuata ni 6 au 7, haijulikani. Jaribu 6: x inatua 0.329570, yaani tarakimu ni 7, si 6. Jaribu 7: ncha ni 1051/3189 = 0.32957040 na 1197/3632 = 0.32957048. Tulitaka 0.32957, sawa, lakini tarakimu inayofuata kwenye ncha zote mbili ni 0. Umekwama. Jaribu 70: x inaanza na 0.329571, si 0.329570. Jaribu 71: x = 0.32957103…, yaani baada ya 71 inafuata 0 tena. Umekwama kwa mara ya pili.

Usilitupe tawi bado. Sifuri iliyokaa mwanzo wa kipande ni sumu, ila ikikaa ndani au mwishoni mwa kipande haina madhara. Jaribu 710: kiasi 146 × 710 + 29 = 103689, asili 443 × 710 + 88 = 314618, na 103689/314618 = 0.32957109892. Soma: 3, 29, 5, 710, na mbele 9, 8, 9. Tawi limefufuka.

Kanuni ya kukumbuka mkanda ukiwa mrefu: usikate mahali ambapo tarakimu inayofuata ni 0. Imeze kwenye kipande cha sasa, uendelee.

Sita: iachie kompyuta

Kikokotoo cha simu kitaanza kukudanganya baada ya vipande vichache, kwa sababu kinahifadhi tarakimu chache tu. Programu zinazotumia desimali za kawaida za kompyuta nazo zinaishiwa nguvu karibu na tarakimu ya 16. Tumia sehemu kamili, zisizokadiriwa. Lugha ya programu ya Python inatosha:

```
from fractions import Fraction as F

def ncha(v):
    p0, q0, p1, q1 = 1, 0, 0, 1
    for a in v:
        p0, q0, p1, q1 = p1, q1, a*p1 + p0, a*q1 + q0
    return sorted([F(p1, q1), F(p1 + p0, q1 + q0)])

def sawa(v):
    chini, juu = ncha(v)
    s = "".join(map(str, v))
    c = F(int(s), 10**len(s))
    d = c + F(1, 10**len(s))
    return chini < d and c < juu

def tafuta(v, lengo):
    if not sawa(v):
        return None
    if len(v) == lengo:
        return v
    for a in range(1, 1000):
        jibu = tafuta(v + [a], lengo)
        if jibu:
            return jibu

print(tafuta([3], 12))
```

`ncha` inatoa mwanya wa namba zote zinazoanza na vipande hivyo. `sawa` inauliza kama mwanya huo unagusana na mwanya wa desimali yenye tarakimu hizohizo. `tafuta` inasonga mbele, ikikwama inarudi nyuma hatua moja na kujaribu kipande kingine. Itapita 3, 29, 5, 7, ikwame kwenye ile sifuri, irudi, ijaribu 71, ikwame tena, kisha ishike 710, vilevile tulivyofanya kwa mkono. Ukitaka tawi la 54, anza na `tafuta([3, 29, 54], 12)`.

Udhaifu wake ni kwamba inajaribu vipande 999 kila hatua ingawa mkanda umeshasema jibu. Kwa vipande kumi na viwili haidhuru. Kwa mia kadhaa, andika toleo linalochukua tarakimu zinazofanana za ncha mbili, liruke zilizokwisha kusomwa, kisha lijaribu tu tarakimu ya kwanza iliyo mbele, mbili za kwanza, tatu za kwanza. Hapo kazi inakuwa nyepesi mno.

Mazoezi kwa aliyefika huku

Kwa sheria ya kwanza, anza na 3, 0, 0, 3, 9, 0, 9, 0, 7. Sifuri mbili zikifuatana zinafutana kabisa, kwa hiyo hizo ni [0, 3, 3, 25]. Angalia kama 0.300390907 inakaa ndani ya mwanya wake, kisha tafuta kipande kinachofuata.

Halafu badilisha mfumo wa kuhesabu. Ukitumia tarakimu tisa tu, 0 hadi 8, utagundua kwamba 1/3 inaandikwa 0.3 na pia ni [0, 3], na kwamba kwa sheria ya pili hakuna namba isiyokoma inayoweza kuanza. Jaribu pia kwa tarakimu nne, ambako 1/2 ni 0.2 na ni [0, 2]. Kipimo ni kilekile cha tarakimu ya kwanza: k inataka x isizidi 1/k na isipungue k gawa kwa ukubwa wa mfumo. Mfumo ukiwa mraba wa k, mipaka hiyo miwili inakutana kwenye nukta moja, na nukta hiyo ni sehemu inayokoma. Kumi imeponea chupuchupu kwa kuwa imezidi tisa kwa moja.